Tangazo Lifike Mpaka Dagoni

Kabla hujaandika tangazo la hatari, mfikirie mtu atakayelipata mwisho. Ukiwa na ofisi Palma au Pemba, kaskazini ya Msumbiji, huyo ni mvuvi aliyepiga dago, kambi yake ya muda ya uvuvi, upande wa mbali wa kisiwa cha Vamizi. Ametoka Mtwara, au ametoka Nampula, amefuata msimu. Kireno anakijua cha kuuzia samaki. Simu yake imeisha chaji tangu juzi. Usiku yuko majini, mchana amelala chini ya turubai, na katika orodha yako ya wakazi jina lake halimo, kwa kuwa yeye si mkazi. Na miezi ya kaskazi anayovua ndiyo miezi ya vimbunga.

Taasisi nyingi huandika kwa kuanzia juu. Taarifa huandikwa kwanza ili wizara iridhike, kisha waandishi wa habari, kisha wafadhili, na kinachobaki ndicho kinachoteremshwa kijijini. Nakushauri ugeuze utaratibu huo. Mwandikie mvuvi wa dagoni kwanza. Tangazo analolielewa yeye, waziri pia atalielewa; lile lililoandikwa kwa ajili ya waziri, mvuvi hatalielewa, na yeye ndiye mwenye maisha ya kupoteza.

Ninasema nawe afisa wa wilaya, mganga wa zahanati, katibu wa kamati ya maafa, mfanyakazi wa shirika la misaada, msimamizi wa hoteli ya ufukweni. Vamizi ni kisiwa chembamba cha matumbawe chenye urefu wa kilomita 12 hivi, katika visiwa vya Quirimbas, wilaya ya Palma. Pwani hiyo imeonja karibu kila aina ya maafa katika miaka michache tu. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga mkoa wa Cabo Delgado, wiki sita baada ya Kimbunga Idai kuibomoa Beira. Watu 45 walikufa Msumbiji, na kisiwani Ibo nyumba nyingi ziliezuliwa au kuanguka. Mwezi Septemba 2020 wapiganaji waasi walitua Vamizi kwenyewe, wakawafukuza watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Tarehe 15 Desemba 2024 Kimbunga Chido kiliingia nchi kavu Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba, na kuua watu wapatao 120. Katikati ya hayo yote kipindupindu kilikuwa kikija na kuondoka. Anayetoa taarifa katika pwani hii hana anasa ya kujifunzia kazini.

Tangazo lenyewe

Hili ni tangazo la aina tuliyoizoea: "Wananchi waishio katika maeneo hatarishi wanaombwa kuchukua tahadhari stahiki kufuatia uwepo wa mfumo wa hali ya hewa unaoweza kusababisha athari mbalimbali." Lisome kwa sauti, kisha jiulize mvuvi afanye nini. Apande mnazi? Avuke bara? Aendelee kuvua kwa uangalifu? Aliyeliandika ametimiza wajibu wa kuonekana ametahadharisha, basi.

Sasa lisome hili, ambalo linaweza kusomwa kwa kipaza sauti cha msikitini kwa muda usiozidi dakika moja:

"Ndugu zetu wa Vamizi, wenyeji na wageni wa dago. Leo ni Jumatano. Idara ya hali ya hewa inasema kimbunga kinakuja, na huenda kikatufikia kesho Alhamisi kati ya adhuhuri na magharibi. Upepo wake unaezua mapaa na kuangusha minazi. Bahari itapanda kupita bamvua kubwa. Leo usiku asiende mtu kuvua. Anayevuka kwenda bara avuke leo, awe ameondoka kabla ya alasiri. Baada ya hapo asivuke mtu, hata akiona bahari imetulia. Anayebaki ahamie jengo lililochaguliwa na kamati, achukue maji ya kunywa, dawa zake, na vitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni. Mashua zipandishwe juu na kufungwa. Tutazungumza nanyi tena leo baada ya magharibi, iwe kuna habari mpya au hakuna."

Angalia limebeba nini. Limetaja ni nani anayesema kimbunga kinakuja. Limetaja siku kwa jina lake. Limeeleza upepo kwa kazi yake, kwa kuwa kilomita 220 kwa saa au kimbunga cha daraja la 4 ni maneno ya wapimaji. Mtu wa pwani anaujua upepo kwa kile unachoangusha. Limetaja bahari kwa kipimo cha wenyewe, bamvua, maana kila mvuvi anajua maji ya bamvua hufika wapi ufukweni pake. Limekataza mambo mawili waziwazi na kuweka mpaka wa muda. Limewataja wageni wa dago, ambao wasipotajwa watadhani hawahusiki. Na limeahidi kurudi.

Ahadi hiyo ya kurudi isichukuliwe kama adabu ya kufungia maneno. Mtu aliyeambiwa "tutarudi baada ya magharibi" ana sababu ya kubaki karibu na msikiti badala ya kukimbilia habari za njiani. Ukirudi na kusema tu "hakuna jipya, maelezo ya mchana ni yaleyale," umemfanyia kazi kubwa. Usiporudi, umemwachia jirani yake aijaze nafasi hiyo.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu kuliko unavyodhani inahitajika. Taarifa ya Maputo inasema kimbunga kitafika "18 horas." Mvuvi wa Mtwara anahesabu hiyo kuwa saa kumi na mbili jioni. Kijana aliyesoma shule ya Kireno akisema "saa sita" anaweza kuwa na maana ya alfajiri, wakati mzee aliyekaa kando yake anaelewa adhuhuri. Juu ya hayo, Tanzania iko mbele ya Msumbiji kwa saa moja, na wapo watu wa kaskazini ya Cabo Delgado wanaosikiliza redio za ng'ambo ya mto Ruvuma. Kwa hiyo tumia jua, swala na maji: kabla ya alasiri, maji yakianza kujaa, baada ya isha. Ukilazimika kutaja saa, taja na wakati wa siku, na useme ni saa za Msumbiji.

Rangi zinafaa, ila nazo zinahitaji kutafsiriwa kwa mwendo wa mashua. Utaratibu wa Msumbiji wa kutahadharisha kimbunga una rangi tatu: bluu, kimbunga kinaweza kufika baada ya saa 24 hadi 48, njano, ndani ya saa 24, nyekundu, ndani ya saa 6. Mjini Pemba mtu akisikia nyekundu bado anaweza kutembea mpaka shule ya karibu. Vamizi, nyekundu ikitoka, mlango wa bahari umekwisha fungwa. Hakuna nahodha wa maana atakayebeba watoto kwenye mashua wakati mawimbi yameshaanza kupasuka juu ya mwamba. Kwa kisiwa, rangi ya kuhama ni bluu, na njano ni ya kujifungia. Waambie watu hivyo mapema, kwa maneno hayohayo, ili siku bendera inapopandishwa wasisubiri nyekundu kwa kudhani ndiyo amri yenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu matini: upepo ukipita, tangazo halijaisha. Kenneth kilipopungua nguvu mvua iliendelea, na tarehe 28 Aprili 2019 mitaa ya Pemba ilijaa mafuriko, siku tatu baada ya upepo. Tangu tangazo la kwanza waambie watu kwamba hatari ya pili itafuata, na kwamba visima vilivyoingiwa na maji ya juu visinywewe.

Nani atalibeba

Redio ya taifa kituo cha Cabo Delgado hutangaza kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua pamoja na Kireno. Hiyo ni hazina. Lakini tafsiri isiachwe kwa mtangazaji aliyeletewa karatasi ya Kireno dakika tano kabla ya kipindi. Matini ya Kimwani na ya Kiswahili ziandikwe mapema, zisomwe mbele ya watu wa pwani wasiofanya kazi ofisini, zirekebishwe, kisha ziwekwe tayari na nafasi za kujaza siku na wakati tu.

Baada ya redio kuna watu. Msumbiji ina kamati za wenyeji za kukabili maafa, na wavuvi wana mabaraza yao ya kijamii ya uvuvi. Baraza la wavuvi linawajua wageni wa dago kwa sababu hushughulika nao kuhusu nyavu na miamba. Kwa hiyo hata kama kwenye karatasi zako tahadhari ni kazi ya kamati ya maafa, mpe kazi hii mtu wa baraza la wavuvi, maana ndiye anayejua kwamba nyuma ya ile rasi kuna turubai nne. Imamu naye apewe matini, asipewe habari tu ya kusimulia apendavyo. Manahodha wanaofanya safari za Olumbi na Palma wapewe karatasi iliyochapwa herufi kubwa.

Usiwasahau wanawake, na hapa taasisi hukosea kila mara. Mkutano huitishwa chini ya mwembe, wanaume wanakuja, picha zinapigwa, ripoti inasema jamii imeelimishwa. Saa hiyohiyo maji yamekupwa, na wanawake wako mbali miambani wanatafuta pweza na chaza. Wao ndio watakaoamua nani ambebe bibi na nani ashike mtoto mdogo, na ndio wanaochota maji. Panga mkutano wao maji yakiwa yamejaa, na mjumbe wao awe mwanamke. Ukimkuta mama kizee anayeheshimika, umwamkie shikamoo kama inavyostahili, umwombe akusaidie kuita wenziwe; waliokuja kwa wito wake watakusikiliza kuliko waliosukumwa na katibu.

Mitandao ya simu itumie, ila usiijengee nyumba. Upepo ukiangusha mnara, mitandao yote imekwenda pamoja nao. Redio ya mawasiliano ya hoteli, simu ya setilaiti ya shirika, redio ya boti ya doria: jua ni nani anazo, na mkubaliane kwa maandishi kwamba siku ya hatari ni za wote.

Uvumi

Tarehe 7 Aprili 2024, mashua ya uvuvi iliyopakia watu wapatao 130 iliondoka Lunga, katika mkoa wa Nampula, kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Haikuwa chombo cha abiria. Ilizama. Watu 98 walikufa, wengi wao watoto. Katibu wa serikali mkoani humo, Jaime Neto, alieleza kwamba wengi walikuwa wanakimbia kwa hofu iliyotokana na habari za uongo kuhusu kipindupindu.

Weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Kwa takwimu za serikali za wakati huo, tangu Oktoba 2023 kulikuwa na wagonjwa wa kipindupindu karibu 15,000 nchi nzima, na waliokufa ni 32. Mashua moja ya watu waliokimbia ilichukua roho mara tatu ya zile zilizochukuliwa na ugonjwa nchi nzima kwa nusu mwaka. Kila ninapoliwaza jambo hili naumia, kwa sababu dawa yake ilikuwa maneno. Maneno machache ya kweli, yaliyofika mapema, kutoka kwa mtu anayeaminika.

Yangekuwa maneno gani? Kwamba kipindupindu hakirukii mtu hewani. Kinaingia kwa maji na chakula kilichochafuka. Kwamba ukikimbia kijiji unaweza kuondoka nacho tumboni na kukipeleka kwa dada yako. Kwamba mgonjwa akipewa maji mengi mapema hupona. Na jinsi ya kuyatengeneza, kwa vipimo vya jikoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi; anywe kidogo kidogo bila kuacha, huku anapelekwa zahanati. Mtu aliyeshika kikombe mkononi anajua la kufanya, na mwenye la kufanya hakimbilii mashua iliyojaa.

Sasa tazama uvumi wenyewe unavyozaliwa. Kaskazini ya Msumbiji, kwa miaka mingi, kila kipindupindu kinapolipuka husikika kwamba maofisa ndio wanaokitia kwenye visima, na wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wamepigwa, wengine kuuawa, kwa dhana hiyo. Mtu wa mjini husema ni ujinga. Mimi nasema chunguza alichokiona mwanakijiji. Mwaka mzima hakuna mtu wa serikali aliyekitazama kisima chake. Ghafla linakuja gari, wanashuka vijana wenye glavu, wanamwaga unga mweupe ndani ya maji bila kumwomba mwenye kisima ruhusa, wanaondoka. Wiki hiyohiyo watu wanaharisha. Amefunga hesabu kwa alivyoona, na hakuna aliyekuja kumweleza kwamba gari lilikuja kwa sababu ugonjwa ulishafika.

Kwa hiyo kazi ya klorini ianze kabla ya mlipuko. Kaa na wenye kisima. Fungua chombo mbele yao, wanuse. Wapime wenyewe kwa kipimo chako. Tia, subiri nusu saa, kisha unywe wewe wa kwanza, kikombe kizima, na umalize. Chupa ya Certeza, klorini ya kutibia maji ya kunywa, ibaki mkononi mwa mwanamke anayechota maji, isibaki garini mwako. Mgeni mwenye glavu asitangulie. Atangulie mtu wa kijiji ambaye watu wanamfahamu tangu utoto wake.

Na kila siku ya dharura, mtu mmoja katika timu yako awe na kazi ya kuuliza: leo watu wanasema nini? Aulize ufukweni, kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya maji. Aandike maneno kama yalivyosemwa. Jioni mnakaa, mnachagua lile linaloweza kuua, na kesho asubuhi linajibiwa. Usiyajibu yote, wala usiurudie uvumi redioni kwa urefu mpaka uwafikie ambao hawakuwa wameusikia. Sema ukweli kwanza, na mwisho wa ukweli huo uwe na kitendo. Wala usimcheke mtu. Aliyechekwa leo hatakuletea alichokisikia kesho.

Kusema mapema, na kusema usilolijua

Mwezi Machi 2023 watu walikuwa wanakufa mkoani Kagera kwa ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni Marburg. Mlipuko uliishia kwa wagonjwa 9 na vifo 6, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Januari 2025 mkoani humohumo mambo yalikwenda vingine: Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wasiwasi tarehe 14, Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg, na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na mkuu wa shirika hilo Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba yupo mgonjwa. Mlipuko huo nao ulidhibitiwa. Lakini kwa siku sita mkazi wa wilaya ya Biharamulo, mkoani humo, alikuwa na sauti mbili mbele yake, na kila moja ina mhuri.

Ulinganisho huo unafundisha jinsi ya kusema wakati majibu hayajakamilika. Ipo kauli ya katikati ambayo ni ya kweli na haina aibu: "Tumepata wagonjwa wenye dalili hizi. Tumepeleka sampuli. Majibu ya kwanza hayajaonyesha ugonjwa huu, na tunaendelea kupima. Mpaka tutakaporudi kwenu keshokutwa, msiguse maiti wala matapishi bila kinga." Kauli hiyo haihitaji kukanushwa baadaye, majibu yakija vyovyote.

Kwa idadi ya vifo, taja chanzo na wakati: "Mpaka jana magharibi, hospitali ya wilaya imehesabu miili mitatu." Usiseme "watatu tu." Hilo neno moja limewaumiza wafiwa wengi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, kwanza ilisemwa waliookolewa ni 26, kisha ikawa 24, na waliokufa 19. Hesabu ya mwanzo hukosea, ni kawaida. Ila nyuma ya kila namba iliyoshuka kuna nyumba iliyokwisha kuambiwa mtu wao amepona. Majina yaende kwa familia kabla hayajaenda redioni, na yapelekwe na mtu, uso kwa uso, pamoja na maelezo ya maziko: mwili uko wapi, nani atauosha, utachukuliwa lini. Katika jamii ya Kiislamu, ambako maiti huzikwa upesi, kuchelewa bila maelezo ni msiba juu ya msiba.

Vita vinapokuwa ndiyo maafa

Hapa ushauri wa kawaida wa vitabu vya mawasiliano hautoshi. Tangazo linalowaambia raia njia ya kukimbilia linasikika pia na anayewawinda. Siku Vamizi iliposhambuliwa mwaka 2020, na Palma tarehe 24 Machi 2021, mahali pa kukimbilia palikuwa bahari. Palma simu zilikatika siku hiyohiyo. Watu walijificha msituni, wakavuka kwa mashua, wakafika Pemba bila ndugu zao, na kwa siku nyingi familia zilisimama bandarini zikitazama kila anayeshuka. Tarehe 28 serikali ilisema waliouawa ni makumi. Baadaye mwandishi Alex Perry alisimamia uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofikia zaidi ya raia 1,000. Sina haja ya kuamua ugomvi wa hesabu ili kuona kwamba ofisi iliyoacha pengo kubwa namna hiyo haikusaidia watu kujua wazike nani.

Katika hali hiyo gawa maneno mafungu mawili. Njia, vituo na saa za kuhama hubaki na wajumbe wachache wanaojulikana, na hupelekwa kwa mdomo. Yale mengine yasemwe hadharani bila woga: kwamba shambulio limetokea, ni huduma gani imesimama, mtoto aliyepotea apelekwe kwa nani, orodha ya waliofika iko wapi na nani anaruhusiwa kuisoma. Jeshi likifunga bahari, litangaze mpaka unaanzia wapi kwa alama ambazo mvuvi anazijua, mpaka lini, na chombo kinachokutana na doria kifanye nini ili kisidhaniwe cha adui. Mvuvi asiyejua hilo anaweza kufa kwa risasi za upande unaomlinda.

Na walindeni waandishi wa habari wa hapo. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, baada ya kumtumia mwenzake ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Mpaka leo hajaonekana. Amade Abubacar, aliyefanya kazi katika redio ya jamii Macomia, alikamatwa Januari 2019 alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia vita. Hao ndio watu waliokuwa na sauti inayoaminika kwa lugha za pwani. Taasisi inayowanyamazisha, siku ya kimbunga itahitaji redio hiyohiyo iwaite watu watoke ufukweni, na itakuta kipaza sauti hakina mwenyewe.

Kimbunga kisipokuja

Kenneth kilipokaribia, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania ilitahadharisha Mtwara, Lindi na Ruvuma. Shule na ofisi zikafungwa Mtwara, watu wakahamia sehemu salama. Pigo lenyewe likaangukia upande wa Msumbiji. Tahadhari ile ilikuwa sahihi: kimbunga kilikuwa karibu mno kwa mtu mwenye akili kukaa kimya. Lakini aliyefunga duka na kuhama na watoto, kisha akarudi kukuta paa lake halikuguswa, anahitaji kuambiwa kitu jioni hiyohiyo, kabla hajajiambia mwenyewe kwamba safari nyingine hatahama.

Mwambie kimbunga kilipita wapi na kilifanya nini kwa jirani. Mwonyeshe kwenye ramani umbali uliobaki. Mshukuru kwa kuhama, na umuulize kilichomgharimu: mbuzi gani aliibiwa, mashua gani haikulindwa, mgonjwa gani alikosa kitanda. Kisha rekebisha hayo. Mtu huhama mara ya pili akiona kwamba mara ya kwanza mali yake ililindwa.

Baada ya upepo kuna foleni ya chakula, na hapo ndipo imani nyingi huzikwa. Baada ya Idai, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba baadhi ya wanawake walilazimishwa kutoa miili yao kwa viongozi wa mitaa ili waandikwe kwenye orodha. Kwa hiyo tangazo la misaada liseme bila kuficha: chakula hiki hakilipiwi, kwa fedha wala kwa mwili, kila kaya inapata kiasi hiki, orodha imebandikwa hapa na itasomwa kwa sauti, aliyeachwa aseme kwa huyu. Tangu mwaka 2019 ipo namba ya bure, 1458, iliyoanzishwa kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo. Itangaze, lakini kwa kisiwa kisicho na mtandao weka pia mtu wa kuja ana kwa ana, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wasio ndugu wa mgawaji. Malalamiko yakijibiwa, rudi useme yamejibiwaje.

Jaribio la Oktoba

Kusi likishalegea na kabla kaskazi halijaanza, fanya jaribio. Toa ujumbe mmoja mfupi Palma asubuhi, ulio wazi kwamba ni wa majaribio. Usimdokeze mtu mapema wala usimsukume. Mjumbe akae kwenye dago la mbali kabisa Vamizi na aandike mambo mawili: ujumbe umefika wakati gani, na aliyeupokea anauelezaje kwa maneno yake. Rudia kwa wanawake waliorudi kutoka mwambani, na kwa mzee mmoja asiyesikia vizuri.

Kisha kaeni na majibu, kamati, baraza la wavuvi, imamu na manahodha. Palipokatika panajulikana: nahodha hakusafiri siku hiyo, au betri ya kipaza sauti ilikufa, au katibu alisubiri ruhusa ya bosi wake. Hilo la ruhusa mlimalize palepale kwa maandishi, kwamba tahadhari ya kimbunga ikitoka idara ya hali ya hewa, katibu wa kisiwa anatangaza bila kusubiri sahihi ya mtu. Na kama ujumbe wa asubuhi umefika dagoni usiku, basi wavuvi wa upande ule nyekundu ya saa 6 haitawakuta kamwe. Waandikeni kwenye orodha ya watakaohamishwa kwa bluu, wawe wa kwanza.